Mfungwa Aletwe Mbele ya Jaji

Katika sheria ya Kiingereza imo amri moja ya zamani, ambayo kwa Kilatini huitwa habeas corpus. Kwa amri hiyo jaji humtaka aliyemshika mtu amlete mahakamani, na aeleze amemshika kwa sheria gani. Asipoweza kuionyesha sheria hiyo, mfungwa huachiliwa. Bunge la Uingereza liliitia amri hii nguvu mwaka 1679.

Amri hii haiulizi kama mfungwa ni mwema au mbaya. Huuliza jambo moja tu: je, aliyemshika anayo ruhusa ya sheria? Hapo ndipo penye nguvu yake, na ndipo penye udhaifu wake pia.

Mwaka 1906, huko Bechuanaland, nchi ambayo sasa ni Botswana, Chifu Sekgoma wa Watawana alitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Baadaye mwaka ule ule likatolewa tangazo la kukihalalisha kizuizi chake. Mwaka 1910 majaji wa rufani mjini London walisema tangazo lile lilikuwa halali. Sekgoma akashindwa.

Watu wa Nyeri, Murang'a, Embu na Meru waliyaona mambo kama hayo. Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya, na kanuni zake zikaruhusu watu kuzuiwa bila mashtaka. Mwishoni mwa 1954 waliozuiwa walizidi 70,000, wengi wao wakiwa wenyeji wa pande za Mlima Kenya. Mtu akiuliza jamaa yake kazuiwa kwa sheria gani, jibu lilikuwa tayari: karatasi yenye sahihi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuangalia udhaifu huo. Kifungu cha 25 chakataza haki ya kupata amri hii isipunguzwe. Kifungu cha 29 chakataza kizuizi bila kesi, isipokuwa wakati wa hali ya hatari. Na hata wakati huo, kwa Kifungu cha 58, Mahakama ya Juu yaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali.

Basi mtu akishikwa na asijulikane aliko, jamaa zake waandike jina lake, siku aliyoshikwa na mahali alipoonekana mwisho, waende Mahakama Kuu, kama ile ya Nyeri. Kifungu cha 22 chawaruhusu kumwombea asiyeweza kufika mwenyewe, wala hakuna ada ya kufungua kesi hiyo.