Maumivu ya Viungo: Si Yote ni Uzee



Tukizunguka vijijini kuwatembelea wazee na wagonjwa, karibu kila boma tunasikia neno moja: "Magoti yananisumbua." Kwa mwingine ni mgongo, kwa mwingine ni vidole. Na majirani wana jibu moja tu: "Ni uzee huo, zoea." Katika somo hili tutazame kama ni kweli.

Tuanze na mama mmoja tunayemfahamu, mkulima wa miaka sitini na kitu. Magoti yalimkataza kwenda shambani. Akanunua sokoni unga usio na jina wala maandishi, akaambiwa ni mitishamba mitupu. Siku ya pili alikuwa analima! Sisi wenyewe tulifurahi na kumsifia mbele ya kikundi, na wenzake wawili wakaenda kuununua. Baada ya miezi michache uso wake ulivimba ukawa mviringo, presha na sukari zikapanda. Alipouacha ghafula, alianguka akabebwa hospitali. Daktari alishuku kuwa unga ule ulichanganywa na steroidi, dawa kali ya dukani. Mama alipona, lakini sisi tulijifunza kwa aibu. Ndiyo sababu tunaandika.

KIUNGO NI NINI?

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kile kitu cheupe na laini unachokiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kati yake kuna ute unaoteleza, kama mafuta kwenye bawaba ya mlango.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

1. Gegedu kulika. Hii ndiyo inayowapata wengi, hasa magotini na nyongani. Umri unachangia, lakini pia uzito wa mwili, kuumia zamani, na miaka mingi ya kazi nzito. Maumivu huzidi ukitembea na hupungua ukipumzika.

2. Baridi yabisi. Hapa kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Huwapata hata akina mama vijana. Jina limetudanganya: baridi yaweza kuongeza maumivu, lakini si chanzo. Dawa za hospitali zikianza mapema, vidole huweza kuokolewa visipinde.

3. Jongo. Asidi ya yuriki ikizidi mwilini hufanya chembe kali ndani ya kiungo. Mara nyingi huanza usiku kwenye kidole gumba cha mguu, hata shuka haliguswi. Nyama nyingi, maini na pombe, hasa bia, huichochea.

4. Bruselosi. Wafugaji, sikieni hili! Maziwa mabichi, au kushika kondo la mbuzi au ng'ombe kwa mikono mitupu, yanaweza kukupa homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo. Tiba ni antibiotiki kwa wiki sita hivi, wala si tangawizi.

5. Homa ya rumatiki ya watoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, anapona, halafu wiki mbili tatu baadaye goti linauma, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Maumivu yataisha yenyewe, lakini ugonjwa unaweza kuharibu moyo. Huyu hangoji!

DAWA ZA NYUMBANI ZINAZOSAIDIA

Hizi ni hasa za gegedu kulika.

• Mazoezi. Watu hudhani goti bovu ni la kupumzishwa tu. La! Misuli ya paja ndiyo inayolibeba. Kaa kwenye kiti, nyosha mguu mmoja mbele, uhesabu polepole hadi tano, ushushe. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni.

• Kupunguza uzito kwa walio wanene. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

• Bakora. Ishike kwa mkono wa upande ule mguu mzima, si upande unaouma.

• Joto na baridi. Kiungo kilichokakamaa, kikande kwa kitambaa cha maji moto kilichokamuliwa, dakika 15 hivi. Kilichovimba na kuwaka, tumia maji baridi.

• Tangawizi na manjano kwenye chai au mboga. Huwapa wengine nafuu kidogo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari kwanza.

• Kugawana mizigo. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Wazee wetu wa kiume na vijana, je, ni lazima aubebe mama peke yake?

TUJIHADHARI

Kitu kutoka mtini si lazima kiwe salama. Na unga usio na maandishi hatujui kama umetoka mtini. Ukiwa umeutumia kwa muda, usiuache ghafula: uchukue uende nao kwa daktari. Vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku bila ushauri huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Chale za wembe wa kushirikiana zinaweza kuleta UKIMWI na homa ya ini.

Nenda kituo cha afya upesi kama: kiungo kimoja kimevimba ghafula, kina moto na kuna homa, mtoto ana maumivu yanayohamahama, unakonda au unatokwa jasho usiku, au miguu imekufa ganzi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani katika kijiji chetu ameambiwa "ni uzee" na hajawahi kupimwa?
2. Tunachemsha maziwa nyumbani kwetu? Na yale ya kuuza?
3. Nani anabeba maji na kuni kwetu, na tunaweza kubadilisha nini mwezi huu?

Yule mama sasa hufanya mazoezi yake chini ya mwembe, na wale wenzake wawili wako naye. Bado anaumwa kidogo. Lakini shamba analima, pole pole, na mtungi anabebewa na mjukuu.