Maziwa Kupimwa kwa Haki: Anachofaa Kujua Mkulima Kituoni

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, ambacho ndicho kinachofuatwa nchini, kinataka mafuta yasipungue asilimia 3.25. Mililita moja ya maziwa yenye nyuzijoto 20 nayo iwe na uzito wa kati ya gramu 1.028 na 1.036. Kwa mfugaji wa Othaya au Mukurwe-ini, nambari hizo huamua kama mtungi wa asubuhi utapokelewa au utarudi nyumbani.

Laktomita, kifaa kinachotumika sana vituoni, haipimi mafuta. Maji huyafanya maziwa kuwa mepesi. Kuondoa krimu huyafanya mazito. Mwenye hila akiondoa krimu kisha aongeze maji kwa kadiri, laktomita itamwambia karani kuwa mambo ni shwari. Hila hiyo hunaswa na kipimo cha Gerber, kilichobuniwa Uswisi katika karne ya 19. Maziwa huchanganywa na asidi ya salfuriki na alkoholi ya amili katika chupa maalum, huzungushwa kwa kasi, na mafuta hupanda shingoni yasomwe kwa asilimia. Asidi hiyo huunguza vibaya, kwa hivyo si kazi ya jikoni.

Lakini mkulima mwaminifu pia anaweza kuonewa. Mafuta huelea, hivyo sampuli iliyochotwa bila kukoroga mtungi haisemi kweli. Maziwa yenye joto la kiwele husomeka mepesi, kana kwamba yametiwa maji. Na ng'ombe asiyekamuliwa hadi tone la mwisho huacha kiweleni maziwa yenye mafuta mengi zaidi. Msimu wa mvua, nyasi changa zikiliwa bila nyasi kavu, mafuta hushuka bila hila yoyote.

Sekta hii inasimamiwa na Bodi ya Maziwa nchini (KDB), iliyoanzishwa mwaka 1958 chini ya Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336. Kuuza chakula kilichoghushiwa kumeharamishwa na Sura ya 254, na mizani ya uongo na Sura ya 513. Sheria, basi, inambana muuzaji na mnunuzi.

Mkulima anayeshuku kipimo aombe maziwa yakorogwe na yapimwe tena mbele yake kabla hayajamiminwa kwenye tangi. Yakishachanganyika na ya wengine, hakuna cha kupima. Asiporidhika, malalamiko kuhusu ubora yapelekwe KDB, na ya mizani kwa maafisa wa vipimo wa kaunti.