Somo la Mwezi Huu: Kisu cha Kuingia Nacho Bwawani



Katika mashamba kadha ya Uasin Gishu yaliyogawanywa kwa mpango wa makazi wa eka milioni moja, ulioanza mwaka 1962, kuna mabwawa yaliyochimbwa na walowezi. Tena tangu mwaka 2009, Serikali ilipoanza kusaidia wakulima kuchimba vidimbwi vya samaki, wavu umekuwa chombo cha shamba kama jembe.

Wavu una faida, lakini pia una hatari. Nailoni haiozi wala haikatiki kwa mkono. Mtu akinaswa mguu katika maji marefu, kadiri anavyojizungusha ndivyo unavyomfunga. Wapiga mbizi wa pwani huijua hatari hii, na kwa hiyo huchukua chombo cha kukatia. Nasi wa bara tufanye vivyo hivyo.

CHOMBO GANI KINAFAA?

Panga halifai. Panga hukata kwa kupigwa, na maji huzuia pigo. Tena laweza kukujeruhi wewe au mwenzako.

Kisu kinafaa kikiwa kifupi, makali yake inchi 3 au 4. Ncha iwe butu, kwa kuwa kazi yako ni kukata, si kuchoma. Kisu chenye ncha kali kipeleke kwa fundi wa jua kali akisage ncha. Meno kama ya msumeno hukata kamba nene vizuri. Makali laini hukata nyuzi nyembamba. Chenye vyote viwili ni bora.

Mkasi imara pia ni mzuri, kwa maana hushika uzi uliolegea na kuukata bila kuuvuta.

Chuma kisichoshika kutu hakina taabu nyingi. Chuma cha kawaida hunoleka upesi, lakini huliwa na kutu. Baada ya kazi kisuuze, kikaushe, kipake mafuta.

MAHALI PA KUKIWEKA

Kisu kilichoachwa ukingoni hakisaidii. Kitie katika ala, ukifunge kifuani au kiunoni mbele, mahali ambapo mikono yote miwili hufika. Usikifunge mguuni, maana mara nyingi mguu ndio hunaswa kwanza. Tena mpini uwe na kamba fupi. Nchi yetu iko juu, zaidi ya mita 2,000. Maji ni baridi, vidole hufa ganzi, na kisu huponyoka.

MAZOEZI

Ukiwa nchi kavu, fumba macho, maana katika maji ya tope hutaona kitu. Toa kisu kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, ukate kipande cha wavu mkuukuu.

Ukinaswa, usijizungushe. Tulia, ukaze uzi kwa mkono mmoja, ukate kuelekea nje, mbali na mwili.

Lakini kumbuka: kisu hakichukui nafasi ya mwenzako. Usiingie bwawani peke yako, na asiyejua kuogelea avute wavu akiwa ukingoni.

JIULIZE

1. Kwa nini panga halifai majini?
2. Kwa nini kisu kisifungwe mguuni?
3. Je, kisu chako waweza kukitoa kwa mkono wa kushoto?

Usiuonee wavu huruma, ukate. Wavu hununuliwa tena, uhai haununuliwi.