Ukungu wa Mahindi na Sumu Yake

Wenyeji wa Kibaha na Kisarawe wajua jinsi hewa ya pwani ilivyo na unyevu. Mtu huvuna mahindi, mvua humkuta hayajakauka, naye huyatia guniani vivyo hivyo. Siku si nyingi huota ukungu. Wengi huyaosha, huyaanika kidogo, kisha huyapeleka mashineni wakisema, "Moto utaua yote." Hayo si kweli, tena ni hatari.

Aina moja ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, yaani sumukuvu. Ukungu huonekana, bali sumu haionekani, wala haina ladha. Ukiosha, ukungu hutoka, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje hubaki. Na moto wa kupikia ugali hauimalizi.

Sumu hii ilitambulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, wakafa 125. Mwaka 2016 msiba ulifika kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara: waliugua 68, wakafa 20.

Sumu hushika ini. Aliyekula nyingi hutapika, macho huwa manjano, tumbo huvimba. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi aweza kupata saratani ya ini.

Basi, yafaa kufanya haya:

1. Anika mahindi na karanga juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo.

2. Kabla ya kuweka akiba, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, funga, tikisa, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikigandama chupani, mahindi hayajakauka, yarudishe juani.

3. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

4. Chambua punje zilizooza, uzifukie. Usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu huwadhuru, tena hupita hata katika maziwa.

Walimu na wawaonyeshe watoto jaribio la chumvi, nao wenyeviti wa vijiji walieleze mikutanoni. Kutupa debe la mahindi ni hasara, lakini mahindi hulimwa tena mwakani; mtoto aliyenyweshwa uji wenye sumu hana badala.