Dondoo muhimu: Mwanafunzi anapozidiwa na dawa

Vwawa iko kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, na dawa za kulevya hupita humohumo. Shuleni, mafunzo yaanze na mlinzi na matroni, maana wao ndio walioko usiku.

Heroini, tramadoli, hata dawa ya kikohozi yenye kodeini, zote zikizidi huua kwa kufifisha pumzi. Dalili: haamki hata ukimsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, anapumua kwa nadra au anakoroma kama ana maji kooni. Kwa ngozi nyeusi, tazama midomo kwa ndani na kucha. Vitapauka au kuingia rangi ya bluu.

Tuma mtu akatafute gari, wewe usimwache mgonjwa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 huku ukitazama kifua kikipanda. Hili lifanyiwe mazoezi sakafuni, kila mmoja kwa zamu, mpaka mikono izoee. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu.

Kumnywesha maziwa, hapana! Yanaweza kuingia mapafuni.

Dawa ya hospitali iitwayo naloksoni humzindua, lakini nguvu yake huisha ndani ya dakika 30 hadi 90, na pumzi inaweza kufifia tena. Kwa hiyo asirudishwe bwenini. Abaki hospitali chini ya uangalizi.

Wenzake wasitishwe kwa viboko wala kufukuzwa. Rafiki mwenye hofu hatasema kilichomezwa, na muuguzi anahitaji kujua hilo kwanza. Beba paketi au chupa ya dawa hiyo. Ushauri wa bure kuhusu dawa za kulevya: piga 119.