SOMO LETU: KWA NINI MAYAI YA KWARE WA MANJANO HAYATOTOLEWI YOTE?

Ndugu wafugaji, kware wa kufugwa kwa kawaida ni wa kahawia mwenye michirizi. Wapo pia wa manjano, nao wanapendwa kwa uzuri wao. Mfugaji wa Musoma, Bunda au Butiama aweza kusema, "Mimi nitafuga wa manjano watupu." Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Rangi ya manyoya ni urithi. Kila kifaranga hupokea sehemu mbili: moja ya baba, moja ya mama. Akipata manjano kwa mzazi mmoja tu, anakuwa wa manjano na anaishi. Akipata manjano kwa wazazi wote wawili, anakufa ndani ya yai, mwanzoni kabisa. Ukilipasua yai hilo huoni kifaranga. Utadhani halikuwa na mbegu.

Sasa tupige hesabu. Tuna mayai 20 yenye mbegu, na baba na mama wote ni wa manjano. Kwa wastani mayai 5 yatakufa, 10 yatatoa vifaranga wa manjano, na 5 wa kahawia. Robo nzima imepotea! Basi tusimsingizie jirani kuwa ana jicho baya, wala tusimchinje kuku aliyeyaatamia.

Tufanye nini? Majike wa manjano tuwape dume la kahawia. Dume hilo lina kifua cha rangi ya kutu, hakina madoa. Jike la kahawia lina madoa meusi kifuani. Katika mayai 20, kwa wastani tutapata manjano 10 na kahawia 10. Manjano ni wale wale 10, lakini hakuna anayekufa kwa sababu ya rangi.

Hata hivyo, mayai ya zamani, yasiyogeuzwa au yaliyokosa joto yataharibika tu. Mayai ya kware hutotolewa siku ya 17 au 18, siyo 21 kama ya kuku.

Kuku kidimu naye ana jambo linalofanana na hili. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kwa wastani robo ya vifaranga huota manyoya dhaifu yanayokatika. Hubaki karibu uchi, baridi ikawatesa. Dawa ni ile ile: majike kidimu wapewe jogoo wa manyoya ya kawaida.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kware wa manjano aliye hai amerithi manjano kwa wazazi wangapi?
2. Ukiwa na mayai 40 ya wazazi wa manjano, mangapi yatakufa kwa wastani?
3. Wewe utachagua dume gani? Kwa nini?