SOMO LETU: PIKIPIKI NI MASHINE, KIJANA AFUNDISHWE KWANZA



Somo la safari hii linahusu jambo lisilotokea ndani ya kiwanda wala katikati ya miwa. Hata hivyo linaingia nyumbani mwetu kila siku. Ni habari ya watoto wetu na pikipiki.

Sisi wa Iyolwa, pamoja na ndugu zetu wa Tororo, Malaba na Busia, twaijua bodaboda tangu ilipozaliwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha wasafiri kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya. Walikuwa wakiita "Boda, boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Jina hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, lakini asili yake ni huku mpakani.

Baiskeli ilikuwa mwalimu mpole. Ilikwenda kwa nguvu ya miguu, na aliyekosea alichubuka goti akainuka. Pikipiki si hivyo. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na kijana akizungusha mkono kidogo tu inaruka. Haimngoji ajifunze.

Tutazame kazini kwetu. Katika viwanda vya saruji vya Tororo, je, mtu mgeni atawekwa kwenye mashine ya kusagia mawe siku ya kwanza bila kuelezwa namna ya kuizima? Msimamizi akijaribu jambo hilo, tutasimamisha kazi sote. Tutasema: afundishwe kwanza, apewe vifaa vya kujikinga, ndipo aanze. Basi kwa nini jioni tukirudi nyumbani tunampa mtoto wa miaka 16 ufunguo wa pikipiki, naye hajafundishwa na mtu yeyote?

Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alichukua mkopo akamnunulia mwanawe pikipiki ili apate riziki. Nia yake ilikuwa njema. Kijana alifundishwa na rafiki yake jioni moja kwenye uwanja wa mpira. Wengi wetu tulikuwepo, tukamwona akizunguka, tukapiga makofi. Haukupita muda akabeba abiria wawili na gunia la mihogo. Kwenye mteremko wa murram mbuzi akakatiza njia, kijana akashika breki ya mbele kwa nguvu zake zote, na wote wakaanguka. Abiria mmoja tulimzika. Kijana anatembea kwa fimbo. Pikipiki imekuwa chuma chakavu, lakini mkopo ungali unakatwa katika mshahara wa baba yake kila mwezi.

Tulipokwenda kumpa pole, hatukuwa na haki ya kumlaumu yeye peke yake. Makofi yalikuwa yetu.

Wala si Iyolwa pekee. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Tunawalea, tunawasomesha, kisha barabara inawachukua.

Mambo ya kumfundisha kijana

1. Umri na pamiti. Sheria ya Uganda hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kupewa pamiti ya kuendesha. Akifikisha umri huo, achukue kwanza pamiti ya mwanafunzi, afundishwe na mwalimu, afanye mtihani, ndipo apate pamiti ya pikipiki. Pamiti ya kununua kwa mlango wa nyuma haimfundishi mtu kushika breki.

2. Kukagua kabla ya kuwasha. Tairi, breki, cheni, taa, vioo, mafuta ya injini. Fundi mzuri haanzi kazi bila kuitazama mashine yake.

3. Breki. Pikipiki ina breki mbili, na zote zina kazi. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Kwenye murram, mchanga au matope, ukiibana ghafula gurudumu linateleza. Punguza mwendo mapema, tumia zote mbili kwa utaratibu. Jambo hili halijifunzwi kwa jioni moja.

4. Mwendo. Pikipiki yenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kwa kila sekunde moja. Kabla kijana hajasema "Mama!" amekwisha kupita urefu wa nyumba. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi inayohitajika ili breki zisimamishe pikipiki huongezeka mara nne.

5. Malori. Barabara kuu za Malaba na Busia zina treila nyingi zitokazo Mombasa. Treila haisimami upesi, na dereva wake hamwoni aliyejibana ubavuni mwake. Usipite kwenye kona, wala usipenye katikati ya malori mawili.

6. Helmeti. Shirika hilo la Afya lasema kwamba helmeti nzuri, iliyofungwa kamba barabara, hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 40, na ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 70. Helmeti iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu. Kwa upande wa Kenya, sheria ya mwaka 2012 inamtaka mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti na koti linalong'aa, na abiria awe mmoja tu.

7. Pombe. Aliyekunywa asiendeshe. Hapa hakuna mjadala.

Haki ya mfanyakazi aliye abiria

Wengi wetu twaenda zamu kwa bodaboda. Jueni kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inaihesabu ajali iliyompata mfanyakazi akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini, au kutoka kazini, kuwa ajali ya kazini. Lakini ni lazima aonyeshe kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia kilabuni kwanza, umeipoteza haki yako mwenyewe. Ukiumia, mjulishe mwajiri na chama bila kuchelewa, na uweke majina ya walioshuhudia. Hata hivyo fidia hairudishi mguu. Kataa kupanda pikipiki inayoendeshwa na mtoto, hata kama zamu inakaribia.

Wajibu wa tawi

Chama cha ATGWU cha Uganda kimekwisha kuvipokea vyama vya waendeshaji bodaboda, kwa maana mwendeshaji naye ni mfanyakazi. Nasi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Kwanza, mwanachama anayekopa ili kununua pikipiki aweke kando fedha za mafunzo na helmeti mbili kabla ya kulipa duka. Pili, tawi likutane na wazee wa steji ili wasimpokee kijana asiye na pamiti. Tatu, tuombe polisi wa usalama barabarani waje kutufundisha sisi na watoto wetu pamoja.

Maswali ya kuzungumza tawini

(a) Nani kati yetu ana mtoto aliye chini ya miaka 18 anayeendesha pikipiki? Atafanya nini wiki hii?
(b) Bei ya mafunzo ni kiasi gani ukiilinganisha na bei ya pikipiki? Na ukiilinganisha na mazishi?
(c) Steji ipi iliyo karibu na kazi yetu ina waendeshaji waliofundishwa?

Ndugu, ufunguo umo mfukoni mwa mzazi. Usitoke humo kabla ya mafunzo.

Umoja ni nguvu.